Luteni Bellot: Mtoto wa Mhunzi Aliyesomeshwa na Mji



Kila tunapokutana, kabla ya chakula, husomwa majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Ukiyasikiliza kwa makini utaona kwamba wengi wa waliofia kazini hawakufa vitani. Wako waliopatwa na ajali wakiwa safarini kikazi, wako waliozama, na wako waliougua katika vituo vya mbali ambako hapakuwa na daktari. Watu kama hao hawapigiwi mizinga. Kwa ajili yao nimeonelea niandike habari za afisa mmoja kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, aliyefariki zamani sana akiwa kazini wakati wa amani.

Joseph René Bellot alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi, 1826. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Rochefort, mji wa bandari katika pwani ya magharibi ya Ufaransa, ambako serikali ilikuwa ikiunda manowari zake. Baba yake alikuwa mhunzi, kazi yake kuvalisha farasi viatu vya chuma. Watoto nyumbani walikuwa wengi na kipato kilikuwa kidogo. Kijana alipodhihirisha akili darasani, baraza la mji lilikubali kumlipia nusu ya karo. Lau si nusu ile, hapana shaka angeishia kushika nyundo ya baba yake. Badala yake, alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, alifaulu kuingia Chuo cha Jeshi la Majini kilichokuwa Brest.

Safari yake ya kwanza ya mbali ilimleta katika bahari yetu hii ya Hindi. Mwezi Juni 1845 manowari za Ufaransa na Uingereza ziliushambulia mji wa Tamatave, ambao leo huitwa Toamasina, katika kisiwa cha Madagaska. Malkia Ranavalona wa Kwanza alikuwa ametangaza kwamba wafanyabiashara wa Kizungu waishio nchini mwake lazima wafuate sheria za nchi, nao hawakutaka. Mashambulizi yalishindwa. Bellot alijeruhiwa, akatunukiwa nishani ya heshima ya taifa lake kabla hajatimiza miaka 20. Sisi tulio upande huu wa bahari hatuwezi kuisifu nishani ile, maana Wamalagasi walikuwa wakilinda kwao. Nami naitaja kwa sababu moja tu: siyo hiyo iliyolifanya jina lake lidumu.

Katika mwaka huo huo wa 1845, Sir John Franklin, nahodha mashuhuri wa Kiingereza, alitweka na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini mwa Amerika. Hakurudi, wala hakurudi hata mmoja wa watu 129 waliopotea katika safari ile. Uingereza ilituma merikebu nyingi kuwatafuta. Mkewe, Lady Franklin, naye hakukaa kungoja serikali. Alitumia fedha zake na michango ya watu kuandaa merikebu ndogo iitwayo Prince Albert. Bellot aliposikia habari hiyo aliandika kujitolea, akaruhusiwa na wakubwa wake. Mwezi Mei 1851 aliondoka bandari ya Aberdeen, Mfaransa kati ya mabaharia wa Kiingereza na Kiskoti. Umri wake ulikuwa miaka 25.

Nahodha wao alikuwa William Kennedy, mtu aliyezaliwa Kanada na mama wa kabila la Wakrii. Mwezi Septemba Kennedy alishuka pwani na watu wanne kuchungulia njia. Ghafla barafu ikajaa, ikaisukuma merikebu mbali, na wale watano wakaachwa nchi kavu bila chakula cha kutosha. Uongozi ukamwangukia yule kijana mgeni. Baada ya kuitia merikebu mahali pa salama, alifunga safari kwa miguu katika theluji kuwatafuta, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa. Mara ya tatu, katikati ya Oktoba, aliwafikia. Aliwakuta hai, wakijikimu kwa akiba iliyoachwa pwani miaka michache kabla na wasafiri waliotangulia.

Majira ya baridi yalipoanza kulegea, mapema mwaka 1852, Kennedy na Bellot walitoka na wenzao wachache na mbwa wa kukokota mizigo juu ya theluji. Kwa muda wa miezi mitatu hivi walitembea zaidi ya kilomita 1,700, wakilala katika vibanda vya theluji kama wafanyavyo Wainuit wenyeji wa huko, na wengine wakiugua kiseyeye. Mwezi Aprili waligundua mlango mwembamba wa bahari, wenye urefu wa kilomita 25 hivi, utenganishao Kisiwa cha Somerset na ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Amerika. Kennedy aliuita Mlango wa Bellot, na hata leo ramani zauita hivyo. Lakini Franklin hawakumpata. Walipotoka katika mlango ule walielekea magharibi. Kumbe mabaki ya watu wale yalikuwa kusini.

Walirejea salama mwezi Oktoba 1852. Wengi wangeridhika. Mwaka 1853 Bellot aliomba kwenda tena, safari hii katika merikebu Phoenix ya Kapteni Inglefield, iliyopeleka vyakula na barua kwa manowari zilizokuwa bado zikitafuta. Walipofika Kisiwa cha Beechey ilibidi barua rasmi zimfikie mkuu wa msafara, Sir Edward Belcher, aliyekuwa mbali zaidi kaskazini. Hiyo ni kazi ya tarishi. Afisa huyu mwenye nishani aliiomba mwenyewe, akaondoka na mabaharia wanne.

Njiani barafu ilipasuka. Wawili walikuwa wamekwisha fika nchi kavu. Bellot na wawili waliobaki wakachukuliwa na pande la barafu kuelekea katikati ya maji. Walijijengea kibanda kujikinga na upepo. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti, 1853, Bellot alitoka kwenda kutazama barafu yaelekea wapi. Baada ya dakika chache mwenzake akatoka nje asimwone. Aliona fimbo yake tu, ng'ambo ya ufa mpana wa maji. Mabaharia wote wanne waliokoka. Yeye alikuwa na miaka 27.

Sasa linakuja jambo lililonisumbua kwa muda mrefu. Franklin alikwisha fariki mwezi Juni 1847, na wenzake waliziacha merikebu zao mwezi Aprili 1848. Maana yake ni kwamba Bellot alipoondoka Aberdeen, yaelekea aliokuwa akienda kuwaokoa walikwisha kuwa marehemu. Je, alikufa bure? Mimi nasema la. Mtumishi hapimwi kwa yale asiyoweza kuyajua. Hupimwa kwa namna alivyoitika. Tena kazi huwa na warithi. McClintock, aliyekaa majira ya baridi ya 1858 hadi 1859 kwenye mlango ule ule wa Bellot, ndiye ambaye msafara wake ulipata maandishi yaliyoeleza yaliyowapata watu wa Franklin.

Waingereza walichanga fedha, wakamjengea mnara wa mawe kando ya mto Thames huko Greenwich, mbele ya nyumba walimotunzwa mabaharia wazee, ambao baadhi yao ujanani walipigana na Wafaransa. Fedha zilizobaki walipewa dada zake, na serikali ya Ufaransa nayo ikawapa jamaa zake kiinua mgongo. Hilo ndilo ninalolisifu kuliko mnara, kwa sababu mnara haumpikii mtu chakula, na nyumba ile ya mhunzi ilikuwa imempoteza tegemeo lake.

Ndugu zangu, baadhi yetu tulifika shule hii kwa nauli ya kuchangiwa, na sanduku la kuazima. Tulisomeshwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuvuka lango lake. Shukrani ya punda ni mateke. Yetu isiwe hivyo. Napendekeza kwamba mwaka huu, yakisha kusomwa majina ya marehemu, tuulizane swali moja zaidi: watoto wao wanasoma? Na kama yuko aliyekwama kwa nusu ya karo, tukumbuke nusu ile iliyotolewa na mji wa Rochefort.