Bruda Laurent: mpishi aliyeabudu akiwa jikoni

Wasikilizaji wengi wa kipindi chetu cha Jumapili asubuhi hutusikiliza wakiwa kazini. Mmoja anakamua ng'ombe, mwingine anapuliza kuni mbichi moshi ukimwingia machoni, mwingine yuko njiani kwenda kisimani na simu ameifunga kwenye pindo la khanga. Swali linalorudi mara kwa mara kwenye ujumbe wao ni hili: mtu aliyekosa ibada kwa sababu ya kazi, je, siku hiyo amemkosa Mungu?

Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa sufuria na kikaango, huko Ufaransa, zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Askari na mti mkavu

Jina lake la kuzaliwa ni Nicolas Herman. Alizaliwa karibu mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, eneo la Lorraine, ambalo leo ni mashariki mwa Ufaransa. Kwao hapakuwa na mali, na hakusoma sana.

Akiwa na umri wa miaka 18, siku moja ya majira ya baridi aliutazama mti usio na jani hata moja. Sisi tunaujua mbuyu wakati wa kiangazi: unasimama kama umekufa, lakini mvua zikikaribia unachipua. Kijana yule naye aliwaza kwamba muda si mrefu mti ule ungerudisha majani, kisha maua, kisha matunda. Wazo la Mungu anayefanya hayo yote lilimshika moyoni, na halikumwachia tena.

Hata hivyo, maisha yake hayakunyooka siku ile. Alikuwa askari katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoiharibu sehemu kubwa ya Ulaya. Alikamatwa na kudhaniwa jasusi, akatishiwa kunyongwa, kisha akaachiliwa. Mwaka 1635 alijeruhiwa huko Rambervillers, na tangu hapo alitembea akichechemea. Baadaye alifanya kazi ya utumishi kwa bwana mmoja tajiri. Mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mzito wa mikono na kila alichoshika alikivunja.

Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa wa Wakarmeli Peku jijini Paris. Alitarajia kwamba huko angeadhibiwa vikali kwa uzembe wake. Alipewa jina la Laurent wa Ufufuko, akapelekwa jikoni.

Kazi asiyoipenda

Katika nyumba za watawa za wakati ule kulikuwa na makundi mawili. Mapadri na waliosomea upadri waliimba sala za kila siku kanisani. Mabruda walipika, walifua na kubeba mizigo. Mtu wa nje angesema kundi la kwanza ndilo linaloabudu, na la pili linawahudumia wanaoabudu. Laurent alikuwa katika kundi la pili hadi mwisho wa maisha yake.

Na kupika hakukupenda. Lakini alikaa jikoni takriban miaka 15, na humo ndimo alimojifunza njia yake ya kuabudu.

Njia hiyo haikuwa ngumu kueleza. Kabla ya kuanza kazi alimwomba Mungu awe naye. Akiwa kazini aliongea naye kimoyomoyo, kwa maneno machache tu. Akimaliza alijichunguza: kama kazi imekwenda vizuri, alishukuru, kama amekosea, aliomba msamaha na kuendelea, bila kujilaumu kutwa nzima. Hata kugeuza mayai kwenye kikaango alikufanya kwa kumpenda Mungu. Kuokota unyasi sakafuni vilevile.

Alieleza kwamba kwake saa ya kazi haikutofautiana na saa ya sala. Watu kadhaa walipomwita kwa pamoja, kila mmoja akitaka kitu chake, alikuwa na utulivu uleule aliokuwa nao akipiga magoti kanisani.

Sala za pamoja hakuziacha. Alishiriki kama watawa wenzake, kisha akarudi jikoni bila kuona kwamba amemwacha Mungu kanisani.

Miaka kumi ya mateso

Asidhani mtu kwamba utulivu huo aliupata kwa urahisi. Kwa takriban miaka 10 ya mwanzo aliteseka ndani kwa ndani. Dhambi zake za zamani zilimrudia, akajiona hastahili, na kuna wakati aliamini kabisa kwamba amepotea milele. Mwishowe aliamua kwamba, hata kama angeishi hivyo hadi kufa, ataendelea kufanya kila jambo kwa kumpenda Mungu. Baada ya uamuzi huo, amani ilimjia.

Mguu ulipozidi kumsumbua, alihamishiwa kazi ya kutengeneza sandali za watawa. Aliwahi pia kutumwa mbali kununua divai, biashara asiyoijua hata kidogo. Kwa sababu ya ulemavu wake, chomboni alisogea kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Divai ilinunuliwa, na kazi ikaisha vizuri.

Jina lililobaki

Tangu mwaka 1666 padri mmoja, Joseph de Beaufort, alikuwa akimtembelea na kuandika mazungumzo yao. Hata Fénelon, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu, alifika kumwona. Laurent alifariki tarehe 12 Februari 1691.

Beaufort alichapisha barua na mafundisho yake mwaka 1692, na mazungumzo mwaka 1694. Muda si mrefu ukazuka mgogoro mkubwa katika Kanisa la Ufaransa kuhusu sala ya kimya, na Fénelon akajikuta katikati yake. Jina la Laurent nalo likatiliwa shaka. Waprotestanti waliendelea kumsoma, akiwemo John Wesley wa Uingereza. Leo anasomwa na Wakatoliki na Waprotestanti vilevile.

Kwa msikilizaji aliyeuliza kama amemkosa Mungu, Laurent hakufundisha kwamba kazi ichukue nafasi ya kanisa. Alionyesha kwamba ibada haiishi kengele ya mwisho inapolia. Neno moja la shukrani kabla ya kushika jembe, au neno moja la toba maziwa yanapomwagika, kwake ilikuwa ibada kamili. Na siku ukisahau kutwa nzima, unaanza tena jioni hiyohiyo, ukiosha vyombo.