Jean Nicot: Balozi aliyedhani tumbaku inaponya vidonda

Hivi karibuni nilikuwa Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa. Mama mmoja aliniuliza kama kuna ubaya akimwekea mwanawe wa miaka 9 ugoro kidogo kwenye jino linalouma. Bibi wa mtoto amefanya hivyo miaka yote, na jino hutulia. Sikumlaumu. Kosa hilo liliwahi kufanywa na msomi mkubwa zaidi ya miaka 450 iliyopita, na jina lake tunalitaja kila tunaposema nikotini.

Jean Nicot alizaliwa mwaka 1530 katika mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Alipenda lugha na vitabu, akapata kazi katika jumba la mfalme. Mwaka 1559 alitumwa Lisbon, Ureno, akiwa balozi. Kazi yake ilikuwa ya ushenga: kutafuta ndoa kati ya binti wa mfalme wa Ufaransa, mwenye miaka 6, na mfalme mtoto wa Ureno, mwenye miaka 5. Ndoa hiyo haikufungwa. Lakini meli za Wareno zilikuwa zikileta mimea mipya kutoka Amerika, na Nicot akapata tumbaku, akaipanda bustanini kwake.

Inasimuliwa kuwa kijana mmoja wa nyumbani kwake, aliyekuwa na kidonda sugu shavuni, alipakwa majani ya tumbaku yaliyopondwa na kidonda kikafunga. Mpishi aliyejikata kidole gumba naye akapona. Nicot akasadiki. Aprili 1560 alimwandikia kardinali mmoja wa Ufaransa kwamba amepata mmea unaoponya vidonda vya uso vilivyowashinda matabibu. Baadhi ya vidonda vya namna hiyo leo tungeviita saratani. Inasemekana pia alimpelekea Malkia Catherine de' Medici tumbaku ya kunusa kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Wakubwa wa ikulu walipoanza kunusa, wengine wakaiga.

Nicot alirudi kwao mwaka 1561. Baadaye alitunga kamusi kubwa ya Kifaransa, iliyochapishwa mwaka 1606, miaka 2 baada ya kifo chake. Lakini dunia haimkumbuki kwa kamusi. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliipa jamii ya tumbaku jina la Nicotiana. Mwaka 1828 Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, walitenga sumu iliyomo ndani yake, ikaitwa nikotini. Kabla ya hapo, mwaka 1761, daktari John Hill wa London alikuwa ameshaonya kuhusu uvimbe wa saratani puani mwa watu waliozoea kunusa tumbaku.

Nicot alikosea wapi? Alitazama waliopona mbele ya macho yake. Kidole kilichokatwa huweza kupona hata bila dawa, na saratani huchukua miaka mingi kujitokeza.

Ugoro wetu una nikotini ileile. Ikiingia mwilini, mtu huchangamka na maumivu yanaweza kufifia kwa muda, huku jino likiendelea kuoza. Magadi yanayochanganywa humo huifanya nikotini ipenye fizi kwa haraka zaidi, ndiyo maana kuacha ni kugumu. Hatari nyingine huzalika majani yanapokaushwa, kuchachuka na kuhifadhiwa. Wakati huo hutokea kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo huharibu vinasaba vya seli. Kwa hiyo kukosekana kwa moshi hakuufanyi ugoro kuwa salama. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamethibitisha kuwa tumbaku isiyovutwa husababisha saratani ya mdomo, umio na kongosho. Saratani ya umio ina visababishi vingine pia, na tayari ni tatizo kubwa katika ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, pamoja na majirani zetu wa Malawi ng'ambo ya ziwa.

Kwa mama mjamzito, nikotini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti, kuwa na uzito pungufu au kufia tumboni. Mtoto mdogo akimeza ugoro anaweza kutapika, hata kupata degedege. Mwahishe kituo cha afya bila kusubiri dalili.

Mtoto wa Lipingo nilimfungua mdomo. Chini ya lile jino palikuwa na jipu la fizi, na ugoro ulikuwa ukificha maumivu yake. Jino la mtoto likiuma, msukutulishe maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, kisha mpeleke kwa daktari wa meno. Uso ukivimba au akipata homa, mpeleke siku hiyohiyo.

Wewe unayetumia ugoro, jitazame mdomoni kwenye kioo leo. Ukiona kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, baka jeupe au jekundu, au ukihisi chakula kinakwama kooni, nenda hospitali ukapimwe. Na bibi naye umwambie kwa upole, kwani huenda mdomo wake haujawahi kuchunguzwa. Mkiweza, nendeni pamoja.