Alexander von Humboldt, Mjuzi wa Mimea na Milima

Alexander von Humboldt alizaliwa Berlin, katika nchi ya Ujerumani, mwaka wa 1769. Baba yake alikufa yeye angali mtoto wa miaka tisa. Mama yake alikuwa mtu wa mali, akawawekea walimu nyumbani yeye na ndugu yake Wilhelm. Lakini Alexander alipenda kutembea mwituni kuliko kukaa vitabuni. Jioni alirudi na mifuko iliyojaa majani, mawe na wadudu, hata watu wakamtania kwa kumwita mwuza dawa mdogo.

Mama yake alitaka awe mtumishi wa serikali, naye akatii, akawa msimamizi wa machimbo ya madini. Walakini moyo wake ulikuwa katika nchi za mbali. Mama alipokufa mwaka wa 1796 alimwachia mali nyingi, naye akaazimu kuitumia kwa safari ya elimu.

Mwaka wa 1799 akapanda merikebu huko Hispania pamoja na rafiki yake Mfaransa, Aimé Bonpland, daktari aliyeijua sana mimea. Wakashuka Cumaná, katika nchi iitwayo sasa Venezuela. Kila walikokwenda walichuma mimea, wakaikausha katikati ya karatasi, wakaandika mahali ilipoota.

Mwaka wa 1800 walifika ziwa Valencia. Wenyeji walikuwa na hofu, kwani maji yalipungua mwaka kwa mwaka. Wengi walidhani kwamba yanapotelea katika shimo chini ya ardhi. Humboldt akapima, akaikagua nchi ya kando kando, akaona sababu ni nyingine. Watu walikuwa wamekata miti ya vilimani, tena wameigeuza mito ili kunywesha mashamba yao. Pasipo miti, mvua haipati kuingia ardhini; huteremka kwa nguvu na kuchukua udongo, na baadaye chemchemi hukauka. Basi Humboldt alikuwa mmoja wa wataalamu wa kwanza walioonyesha jinsi mtu awezavyo kuiharibu nchi yake kwa shoka lake mwenyewe.

Kisha wakasafiri kwa mtumbwi katika mto Orinoco, wakiteswa na mbu usiku na mchana. Mimea mingi waliyoikusanya kwa taabu ikaoza kwa unyevu. Hawakukata tamaa, bali waliendelea kuchuma.

Tarehe 23 Juni 1802 walijaribu kupanda Chimborazo, mlima uliodhaniwa siku zile kuwa mrefu kupita yote duniani. Walipofika penye theluji, wachukuzi karibu wote wakakataa kuendelea. Humboldt na wenzake wakatambaa kwa mikono na miguu juu ya ukingo mwembamba, wakishikwa na kizunguzungu, na ufizi ukitoka damu. Kwa kipimo chao walifika karibu mita 5,900. Hapo ufa mkubwa ukawazuia, wakarudi.

Hawakukifikia kilele, lakini Humboldt aliteremka na jambo kubwa. Alikuwa ameona kwamba mimea hupangwa mlimani kama ghorofa za nyumba: chini minazi na migomba, juu yake miti ya nchi za baridi, kisha vichaka, kisha majani mafupi, na mwisho vijimea vinavyogandama mawe. Kila mmea una makao yake kwa kadiri ya joto na baridi. Mwaka wa 1807 alichapisha kitabu na picha kubwa ya mlima, majina ya mimea yameandikwa kila moja mahali pake.

Alirudi Ulaya mwaka wa 1804, naye na Bonpland walikuwa wamekusanya aina za mimea zipatazo 6,000. Mali aliyorithi ikaisha kwa safari na kwa kuchapisha vitabu, ikambidi kuishi kwa mshahara wa mfalme. Aliendelea kuandika mpaka alipokufa mwaka wa 1859, mwenye umri wa miaka 89.

Mwaka wa 2012 wataalamu walipanda Chimborazo tena, wakalinganisha waliyoyaona na maandiko yake. Wakakuta mimea imehamia juu zaidi, na barafu imerudi nyuma, kwa kuwa dunia imezidi joto. Wengine wamebishana nao juu ya kiasi cha kuhama huko; lakini hata mabishano yenyewe yasingaliwezekana kama Humboldt asingaliandika. Mtu aandikaye kwa uangalifu ayaonayo leo huwawekea akiba watu ambao hatawaona kamwe.