Gregor Mendel, mtawa aliyehesabu njegere

Tangu zamani watu wameona ya kuwa mtoto hufanana na wazazi wake. Mbuzi huzaa mbuzi, na mbegu ya mahindi haizai mtama. Tena wameona jambo la ajabu: pengine mtoto hafanani na baba wala na mama, lakini ana pua ya babu yake. Kwa nini? Wengi waliona jambo hilo, wakastaajabu, wakaenda zao. Mtu mmoja hakwenda zake, akatafuta mpaka akaona sababu. Mtu huyo ni Gregor Mendel.

Mendel alizaliwa mwaka wa 1822 katika kijiji cha Heinzendorf. Siku zile kijiji hicho kilikuwa katika dola ya Austria. Leo kimo katika inchi ya Cheki. Wazazi wake walimwita Johann. Baba yake alikuwa mkulima. Siku tatu za kila juma alifanya kazi bure katika mashamba ya bwana mkubwa. Siku nyingine alilima shamba lake mwenyewe.

Johann alikuwa na akili, basi wazazi wake wakampeleka shule ya mbali. Fedha zilikuwa kidogo, mara nyingi alisoma na njaa. Mwaka wa 1838 gogo la mti lilimponda baba yake kifua, naye hakuweza tena kufanya kazi kama zamani. Katika inchi ile, msichana anayeolewa ndiye aliyepewa mali na wazazi wake. Theresia, dada yake mdogo, alitoa sehemu ya mali hiyo ili Johann asiache masomo. Johann hakusahau wema huo: baadaye aliwasaidia wana wa Theresia kusoma.

Mwaka wa 1843 aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brünn, unaoitwa leo Brno. Huko alipewa jina la Gregor. Mwaka wa 1847 akawa padri, kisha akafundisha shuleni. Lakini mwaka wa 1850 alishindwa katika mtihani wa ualimu. Mkubwa wake akamtuma Vienna kusoma elimu ya viumbe na hesabu. Mwaka wa 1856 akajaribu mtihani mara ya pili, asifaulu. Cheti kile hakukipata kamwe.

Hata hivyo, mwaka uleule alianza kazi iliyomletea sifa. Katika nyumba ya watawa palikuwa na bustani ndogo, urefu wake meta 35, upana wake meta 7. Mendel akapanda humo njegere za aina mbalimbali. Nyingine zilikuwa na mbegu za mviringo, nyingine zina makunyanzi. Nyingine za manjano, nyingine za kijani.

Alifungua ua changa kwa koleo ndogo, akaondoa sehemu zenye unga. Kisha kwa brashi akatia ndani yake unga wa ua la aina nyingine, akalifunika kwa mfuko mdogo ili wadudu wasilete unga wa kigeni. Hivyo alijua baba na mama wa kila mbegu.

Alipochanganya njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi, watoto wote walikuwa wa mviringo. Mtu mwingine angesema ya kuwa makunyanzi yamepotea. Mendel hakusema hivyo. Alipanda mbegu zile, akangoja mavuno, akahesabu. Mbegu 5,474 zilikuwa za mviringo, na 1,850 zilikuwa na makunyanzi. Kumbe makunyanzi hayakupotea, yalikuwa yamejificha! Katika kila mbegu nne, karibu moja ilikuwa nayo. Akajaribu alama saba, moja moja. Kila mara hesabu ilikaribia kuwa tatu kwa moja.

Mendel akafahamu sababu yake. Kwa kila alama, mmea una mafungu mawili: moja la baba, moja la mama. Fungu moja laweza kufunika lingine, lakini haliliharibu. Mmea ukizaa, humpa mtoto fungu moja tu. Mtoto akipata makunyanzi pande zote mbili, makunyanzi huonekana tena.

Kazi hiyo ilichukua miaka minane, na mimea karibu 28,000. Mwaka wa 1865 Mendel aliwaeleza wenye elimu wa Brünn mambo hayo, na mwaka uliofuata yakachapwa. Karibu hakuna aliyeona maana yake. Mwaka wa 1868 alichaguliwa kuwa abati, mkubwa wa watawa, na kazi nyingi zikamtoa bustanini. Akafa tarehe 6 Januari 1884. Watu wa Brünn walimlilia kama padri mwema. Hawakujua ya kuwa wamezika mtu wa elimu kubwa.

Mwaka wa 1900 watu watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa kazi yake, waliona sheria zilezile. Wakasoma maandiko ya kale, wakakuta Mendel amekwisha kuziandika. Kazi yake ilikuwa kama yale makunyanzi: imejificha, haikupotea.

Leo wakulima hutumia elimu hiyo kupata mbegu bora. Waganga nao hufahamu kwa nini baba na mama wazima waweza kuzaa mtoto mwenye sikoseli, ugonjwa wa damu: kila mmoja alikuwa na fungu moja lililojificha. Basi asilaumiwe mama, wala asitafutwe mchawi.

Mendel alisali, alifundisha, alihesabu njegere; kazi hizo tatu hazikugombana katika maisha yake. Anayeuliza kwa uvumilivu huona utaratibu hata katika mbegu ndogo.

Maulizo
1. Theresia alimsaidia Mendel namna gani?
2. Kwa nini Mendel alifunika maua kwa mfuko?
3. Makunyanzi yalikuwa wapi yasipoonekana?
4. Kwa nini si haki kumlaumu mama wa mtoto mwenye sikoseli?