Mwalimu wa Walimu wa Sanaa

Arthur Wesley Dow alizaliwa Ipswich, Marekani, mwaka wa 1857. Alisomea uchoraji Paris, lakini moyo wake haukutulia. Mwaka wa 1891, hali amekwisha kuwa mchoraji, aliziona picha za Hokusai wa Japani, akakubali kujifunza upya. Tangu 1904 hata alipofariki 1922 alifundisha walimu katika Teachers College, New York. Aliwaonya kwamba sanaa si kuiga tu, bali ni kupanga vema mistari, giza na nuru, na rangi. Georgia O'Keeffe, aliyekuwa akifundisha Texas, alimwendea mwaka wa 1914, akaketi tena darasani. Baadaye sifa za picha zake zikaenea mbali. Basi, ndugu walimu, aliye tayari kufundishwa ndiye afaaye kufundisha.