Jules Gravereaux, mfanyabiashara wa Paris aliyetafutia maua ya roza majina yake

Mwisho wa karne ya 19, mtu aliyenunua mche wa roza nchini Ufaransa hakuwa kila mara na hakika ya kile alichonunua. Ua moja liliweza kuuzwa kwa majina mawili ama matatu, na jina moja likapewa maua tofauti. Aliyejitwika kazi ya kupanga mambo hayo hakuwa mwanasayansi.

Jules Gravereaux alizaliwa mwaka 1844 huko Vitry, karibu na Paris. Alitajirika akifanya kazi katika Bon Marché, magazini kubwa ya mji huo. Mwaka 1892, akiwa na miaka 48, aliacha biashara na kununua shamba katika kijiji cha L'Haÿ, kusini mwa Paris. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijifungia gizani kutengeneza picha zake, hadi bibi yake akamsukuma atoke nje ashughulikie maua. Dawa hiyo ilizidi kipimo: kufikia mwaka 1910, alikuwa amekusanya aina karibu 8.000 za roza, katika bustani iliyochorwa na Édouard André.

Kwa nini majina yalichanganyika? Roza nzuri haizalishwi kwa mbegu, maana mtoto hafanani na mama. Hukatwa kijiti ama chipukizi, likaunganishwa kwenye shina la roza ya porini. Kijiti kikipita mikononi mwa wauzaji wengi, kibandiko hupotea, na muuzaji huandika jina analofikiri, ama jina jipya linalovutia wanunuzi. Zaidi ya hapo, kipandikizi kikifa, shina la porini huchipuka na kuendelea kuitwa jina la marehemu.

Huko L'Haÿ, roza zilizofanana ziliweza kukaa katika shamba moja, mtu akatazama miiba, majani, harufu na majira ya kuchanua. Kutokana na kazi hiyo, Gravereaux alichapisha mwaka 1902 kitabu kinachopanga roza za bustani yake kwa jamaa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa Malmaison, kwa Joséphine, bibi wa kwanza wa Napoléon, aliyependa sana roza na kufariki mwaka 1814. Bustani yake iliharibika. Karibu miaka 100 baadaye, Gravereaux alipekua vitabu na maandishi ya zamani, akaorodhesha aina karibu 200 alizoona kwamba zilikuwa za Joséphine, na miche ikapelekwa kupandwa tena Malmaison.

Lakini bustani yake mwenyewe ilizaa mkanganyiko mwingine. Mwaka 1901, Gravereaux alitoa roza nyekundu yenye harufu kali, akaiita Rose à Parfum de l'Haÿ. Mwaka huohuo, Cochet-Cochet alitoa Roseraie de l'Haÿ, kwa heshima ya bustani hiyo. Zote mbili zina damu ya roza ya Asia inayoitwa rugosa, ila hii ya pili inaelekea zambarau. Tangu hapo, wauzaji wamekuwa wakitoa moja mahali pa nyingine.

Mwaka 1914, kijiji kilibadilishwa jina na kuitwa L'Haÿ-les-Roses. Gravereaux alifariki mwaka 1916. Bustani yake ingali wazi kwa wageni, na kila roza ina kibandiko chenye jina lake.