Marconi, aliyekubali kwamba alikosea

Guglielmo Marconi, mzaliwa wa Bologna, Italia, mwaka wa 1874, anakumbukwa kwa ishara iliyovuka Atlantiki mwaka wa 1901 na Tuzo ya Nobel ya 1909. Kazi yake nzito zaidi ilikuja baadaye, nayo inasimuliwa mara chache.

Kwa miaka mingi kampuni yake ilitegemea mawimbi marefu, yenye kudai mitambo mikubwa na umeme mwingi. Mawimbi mafupi yaliachiwa watu wanaojifurahisha na redio nyumbani. Mwaka wa 1923, akiwa melini mwake Elettra karibu na Cape Verde, Marconi aliyapokea vizuri kutoka Poldhu, Uingereza. Akabadili njia.

Mwaka wa 1924 aliiahidi serikali ya Uingereza maneno 100 kwa dakika, yakitumwa na mashine, si kwa mkono. Vituo vingeshindwa, hasara ilikuwa yake. Mhandisi wake Franklin alitengeneza antena zinazoelekeza mawimbi upande mmoja tu. Oktoba 1926 njia ya Kanada ilifunguliwa. 1927 zikafuata Australia, Afrika Kusini na India. Makampuni ya waya za baharini yaliyumba, na 1929 yakaunganishwa na kampuni ya Marconi.

Wakati huo alikuwa pia mwanachama wa chama cha Mussolini. Alipokufa Roma, tarehe 20 Julai 1937, vituo vya redio vilinyamaza dakika mbili.